Mwaka Nilipogawa Zamu Getini

Halima alinipigia simu nikiwa jikoni namenya viazi, na kabla hajasema lolote nilijua ni msiba. Halima huwa hapigi simu. Yeye hutuma ujumbe wa sauti uliojaa kelele za wajukuu, halafu anasahau alichotaka kusema. "Karani," aliniita, na siku hizi hakuna mwingine anayeniita hivyo, "Mutheu ametuacha. Leo asubuhi." Nilikaa kitini na kisu mkononi. Ningeuliza ameugua nini, au atazikwa wapi, maswali ambayo mtu mwenye adabu huuliza. Badala yake niliuliza, "Aliwahi kukwambia lolote kunihusu?" Halima aliliruka swali, akaniambia matanga yako mtaa wa Lucky Summer, kwa binti wa marehemu, na Alhamisi nifike mapema, nisichelewe kama kawaida yangu. Hilo la kuchelewa lilinichoma. Katika jambo la Mutheu nimechelewa zaidi ya miaka thelathini, na sasa mwenyewe ameondoka kabla sijafungua mdomo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nikiishi mtaa wa Huruma, Nairobi, orofa ya nne, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama dirisha la jengo la pili kwa karibu sana hata ningeweza kumpa jirani chumvi bila kutoka nje. Mutheu alikuwa chumba cha kando yangu. Halima alikaa orofa ya tatu, chini yetu, na mtoto wake mchanga. Kuta za jengo lile zilikuwa za jina tu. Nilijua Mutheu anapokohoa, anapotafuta kiberiti, anaposali Kikamba kabla ya kulala. Jumapili alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Halima akapanda ngazi na sahani ya kaimati, nami nikachangia majani ya chai na maneno mengi. Tulikula kitandani kwa Mutheu kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na kazi ya kushikilia jiko. Ukutani alikuwa ametundika picha ya bintiye Mwende, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akilelewa na bibi yake Kitui, na kila tulipokula Mutheu aliitazama picha ile kabla ya kutia tonge la kwanza mdomoni. Nilikuwa namtania kwamba anamkaribisha mtoto. Hakuwahi kucheka kwa utani huo, na mimi sikuwahi kuuacha.

Sote watatu tulipata riziki kwenye kiwanda kimoja cha plastiki upande wa Baba Dogo. Kilitengeneza beseni, ndoo na jagi. Beseni likitoka kwenye mashine huwa na pindo la mabaki pembeni, na wanawake walikaa kwenye benchi ndefu wakilikata kwa visu vidogo, likiwa bado na joto. Wengi wao walikuwa vibarua. Asubuhi walifika getini kabla ya saa kumi na mbili, kila mmoja akaweka jiwe lake kandokando ya ukuta, jiwe likamshikia nafasi kwenye foleni, naye akaenda kunywa uji wa kikombe. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Nimeona watu wakipigana kwa ajili ya maji ya mfereji, lakini jiwe la getini halikuguswa. Saa moja kasorobo karani alitoka na kitabu, akaita thelathini, na waliobaki wakaenda kutafuta nguo za kufua mitaa ya mbele. Nami nilikuwa nimeweka jiwe langu pale miezi mingi kabla sijaitwa ofisini kwa sababu ya mwandiko wangu, nikapewa kitabu kile na koti la kaki lililonizidi mabega.

Ndani, karibu na saa ya ukutani, kulikuwa na ubao wa mbao wenye vijisanduku vya kadi, na kila mfanyakazi wa kudumu alikuwa na kadi yake humo. Mtu mwenye kadi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitembea tofauti, nawaambia. Nilikuwa nikienda mtaa wa Ziwani mara mojamoja kumwona Mzee Ndolo, dereva wa siku nyingi aliyekuwa rafiki wa familia, na kabla hajanipa mkono aliuliza, "Umeandikwa?" Hakuuliza habari, hakuuliza kama nimekula. Kwake na kwa majirani zake wote wa Ziwani ulimwengu ulikuwa na watu walioandikwa na watu wanaotafuta, na anayetafuta alikuwa njiani tu, angefika. Nilipomjibu hatimaye kwamba ndiyo, nimeandikwa, alimwita mkewe atoe soda. Nimeishi kuona swali lile likibadilika. Watoto wa majirani zangu huko Huruma waliulizana, "Umepata?" maana yake kazi ya leo. Wale waliowafuata waliulizana, "Umeitwa?" Siku hizi nawasikia vijana ngazini: "Niaje, wamekutumia?" Wanaongea juu ya ujumbe wa simu. Sijui mtu angemjibuje Mzee Ndolo leo. Nadhani angekosa soda.

Sasa kuhusu zamu. Getini tulikuwa na desturi yetu ambayo haikuandikwa popote. Aliyeitwa siku nyingi mfululizo alimwachia mwenzake aliyekosa, siku moja au mbili, ili kila nyumba iwe na kitu sufuriani. Tuliita kuachiana zamu. Mimi nilipokuwa kibarua, nikiwa sijaitwa kwa wiki nzima, mwanamke nisiyemjua hata jina alichukua jiwe lake akalirudisha nyuma ya langu, akasema, "Leo ingia wewe, macho yako yamezama." Sijamsahau. Kwa hiyo nilipopewa kitabu nilikuwa na wazo moja kubwa kichwani, na mtu wa miaka ishirini na minne mwenye wazo kubwa na koti la kaki ni mtu wa kuogopwa. Nitaigawa kazi kwa haki. Kitabu kilikuwa na alama mbili: tiki kwa aliyefanya kazi, mstari kwa asiyekuwepo. Mimi nikaongeza ya tatu. Aliyeachia zamu nilimwandikia herufi Z. Kwangu Z ilimaanisha huyu ni wetu, yumo, ametoa siku yake kwa mwenzake. Nilijiona mtu mwema sana. Watu waliniletea njugu karanga getini, wakasema tumepata karani mwenye utu, nami nilizila njugu hizo nikiamini kila neno.

Kiwanda kilikuwa na sheria yake, ilibandikwa ofisini nyuma ya mlango: kibarua akifanya kazi miezi mitatu bila kukatika, anapewa barua na kadi. Kwa kawaida hakuna aliyefika, maana ikikaribia, karani aliyekuwepo kabla yangu aliagizwa kumwambia mtu apumzike wiki moja, kisha arudi aanze upya. Lakini mwaka ule kulikuwa na kazi nyingi, na mwezi wa tisa msimamizi wetu, Bwana Oloo, mtu mnene mpole aliyependa kuimba nyimbo za kanisa akikagua beseni, alitangaza kwenye benchi kwamba kabla ya Krismasi wanawake wanne watapewa barua. Wale watakaokuwa wametimiza miezi mitatu. Jioni ile Mutheu hakupika. Alikaa kitandani, mlango wazi, akihesabu majuma kwa vidole, na nilipopita aliniita. "Mwenye nyumba wa Lucky Summer ana chumba na jikoni lake," aliniambia. "Kuna shule karibu, ya kutembea. Lakini anataka barua ya kazi. Hapangishi vibarua." Nilimwambia barua ataipata. Alifanya kazi kila siku tangu hapo. Alifanya kazi na homa, alifanya kazi na kidole kilichokatwa na kisu, amekifunga kitambaa. Mwezi wa kumi na moja alinunua sokoni Gikomba jozi ya viatu vyeusi vya shule, akavisugua kwa mafuta mpaka vikang'aa, akampa mwanamke aliyekuwa akienda Kitui pamoja na barua. Aliniomba nimwandikie, kwa ajili ya mwandiko. Ilisema: Mwende, shule zikikaribia kufunguliwa nitakuja kukuchukua. Nikute umevaa.

Siku chache baada ya hapo Halima alirudi getini. Mtoto wake alikuwa ameugua tumbo, naye alikuwa amekosa kazi siku tisa. Jiwe lake lilikuwa la mwisho kabisa. Aliposimama mbele yangu niliona blauzi imelowa maziwa na midomo yake imekauka. "Karani, niweke leo tu," aliniomba. "Leo tu, wallahi. Hakuna hata unga." Majina thelathini yalikuwa yamejaa. Nilimtazama Mutheu aliyekuwa tayari ameingia, amevaa aproni, nikamwita kando ya mlango. Namkumbuka akija huku anajifuta mikono iliyokuwa bado mikavu.

"Mwachie Halima zamu leo na kesho," nilimwambia.

"Karani, niko wiki ya kumi."

"Najua. Nitaandika Z. Z si kukatika."

"Una uhakika?"

"Si kitabu ni changu? Mimi ndiye nakiandika, mimi najua kinasema nini."

Alimtazama Halima pale nje. Hakunung'unika. Alivua aproni akampa kwa mkono wake, akaniambia taratibu, "Basi mimi nakuamini wewe." Kisha akaenda nyumbani, akambeba mtoto wa Halima mgongoni siku hizo mbili, akimnywesha maji ya mchele. Na ninaomba mtu anielewe vizuri: sikumdanganya. Ingekuwa nafuu kwangu kama ningemdanganya. Sikuwahi kumuuliza Bwana Oloo kama Z ni kukatika, kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu yeyote angeweza kuiona namna nyingine. Kwetu getini aliyeachia zamu alikuwa ndiye wa kuheshimiwa kuliko wote. Ningewezaje kufikiri kwamba angehesabiwa mtoro?

Majina yalibandikwa wiki ya kwanza ya Desemba. Manne, na la Mutheu halikuwemo. Nilisoma orodha mara mbili, nikaenda moja kwa moja ofisini bila kubisha mlango. Bwana Oloo alikuwa anakula chapati. Nilimwambia kuna kosa, Mutheu hajakatika hata siku moja. Alinifungulia kitabu changu mwenyewe, akaweka kidole kilichojaa mafuta juu ya zile Z mbili. "Hapa na hapa. Hakukuwa." Nikamweleza zamu ni nini, jinsi watu wanavyoachiana, mtoto mgonjwa, yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alinisogezea kiti. "Karani, keti. Unajua wewe umetusaidia sana? Yule wa zamani kila mara alikuwa anafukuza watu, wanalia hapa, wanatukana. Wewe hakuna kelele. Wanakatika wenyewe." Akakata kipande cha chapati akanipa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikipokea. Nilikishika tu, sikukila, lakini nilikipokea.

Mchana ule niliwaona wale wanne wakipewa kadi zao. Niliwajua. Walikuwa wale ambao hawakuwahi kumwachia mtu zamu, na siwalaumu, walikuwa na watoto pia. Mutheu alikuwa kwenye benchi akikata beseni. Alikata mpaka king'ora kilipolia, akaosha kisu chake, akanipita mlangoni na kuniambia, "Kesho, Karani," kama siku zote. Nilirudi Huruma nikiwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga tangu Baba Dogo. Nilipofika mlangoni kwangu nilisikia Halima yuko chumbani kwa Mutheu, naye Mutheu anasema kwa sauti ya mtu aliyeziba pua, "Usimwambie Karani kwamba nimelia."

"Lakini alikudanganya!" Halima alimjibu. "Na yote ni kwa ajili yangu."

"Hakunidanganya. Alidhani kitabu kinafikiri kama yeye." Kisha akapenga kamasi. "Nitamwambia nini mtoto? Ameshapokea viatu."

Nilisimama pale na ufunguo mkononi. Ilikuwa hatua mbili tu mpaka mlangoni kwake. Nilifungua chumba changu polepole ili asisikie, nikavua viatu, nikakaa gizani bila kuwasha taa, jioni nzima, ili adhani sijarudi. Yale maneno niliyoyapanga sikuyasema siku ile, wala Jumapili iliyofuata juu ya sahani ya muthokoi, maana alinikaribisha kama kawaida, na ukarimu wake ulinifunga mdomo kabisa. Nilijiambia ataandikwa mwakani. Mwaka uliofuata Bwana Oloo alipewa sifa na wakubwa wake kwa utaratibu mpya, na zamu ikawa amri kwa vibarua wote: siku kumi ndani, siku mbili nje, kila mtu, bila ubaguzi. Iliandikwa kwa mashine na kubandikwa palepale nyuma ya mlango, juu ya ile sheria ya zamani. Herufi yangu Z ilikuwa imechapishwa vizuri kwenye karatasi ile. Nilibaki karani miaka sita zaidi. Ningependa kuandika kwamba niliacha kazi kwa hasira, lakini nilikuwa na kadi, na kadi ni kitu kigumu kukiacha.

Katika miaka hiyo niliuona ule ubao wa kadi ukibaki mtupu kidogokidogo. Mtu wa kudumu akistaafu, kijisanduku chake hakikujazwa. Mwanzoni vilibaki vitupu, baadaye watu wakaanza kuweka humo viberiti, majani ya chai, vitana. Kisha ikaja kampuni ya wakala iliyoleta wafanyakazi wake yenyewe, mawe yakaisha getini, na karani wa kuita majina hakuhitajika tena. Nilitoka na cheti cha shukrani. Mutheu alikuwa ameshaacha zamani, akiuza bakuli za githeri nje ya geti lilelile, na kwa githeri hiyo alipata chumba Lucky Summer kwa mwenye nyumba mwingine asiyeuliza barua. Mwende alikuja Nairobi akiwa na miaka tisa. Nilihama mtaa, nikafungua kibanda cha kuchapa barua na kujaza fomu, na kwa miaka yote hiyo tulisalimiana kwenye harusi na misiba, tukiulizana habari za magoti.

Alhamisi nilifika Lucky Summer mapema. Halima, amejifunga leso, alinipokea mlangoni akaitazama saa yake ya mkononi kwa mshangao wa makusudi. Nyumba ilikuwa imejaa viti vya kukodi na wanawake wa kanisa wakiimba chinichini Kikamba. Mwende alinikaribisha mwenyewe, mwanamke mzima wa miaka arubaini na kitu, ana paji la uso la mama yake. Alinipeleka jikoni, kwa sababu sebuleni hapakuwa na nafasi, akaniwekea sahani ya muthokoi juu ya meza ndogo. "Mama alikuwa anakutaja sana," aliniambia. "Alisema kulikuwa na karani mmoja getini, alikuwa anagawa kazi ndio kila mtu akule."

Sikuweza kutia tonge mdomoni. Nilimwambia yote, pale kati ya sufuria, bila kujipamba: zile Z mbili, barua ya Lucky Summer, kipande cha chapati, jinsi nilivyokaa gizani. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkata mama yake, na kwamba hata ile barua aliyopokea Kitui ilikuwa mwandiko wangu. Aliendelea kupanga vikombe kwenye sinia. Alipomaliza alisema, "Hiyo barua naikumbuka. Shosho, yule bibi aliyenilea, alinisomea. Nilivaa hivyo viatu, nikakaa kwa mlango. Nilikaa navyo mpaka shule zikafunguliwa. Hata kulala nilikuwa navyo." Hakusema kwa hasira. "Alipokuja kunichukua havikuwa vinaingia tena."

Nililia. Nililia mbele ya mtoto wa Mutheu, mzee mzima, nikifuta machozi kwa kitambaa cha vyombo. Hakuniambia si kitu. Namshukuru kwa hilo. Alinivutia stuli tu nikae.

Simu yake iliita mlio mfupi juu ya friji. Aliitazama, akafunga macho kidogo. Anafanya kazi ghala moja la kupakia bidhaa, kupitia wakala. Ujumbe huja, una dakika chache za kujibu, usipojibu zamu inakwenda kwa mwingine na jina lako linateremka. "Ya saa tisa," alimwambia Halima aliyekuwa ameingia na vikombe vichafu. "Wacha tu iende. Siwezi kuacha wageni na vyombo hivi vyote."

"Si umebakisha wiki moja?" Halima aliuliza. "Uliniambia wanachukua kwa kudumu wale hawajakosa."

"Ni mama yangu, shangazi Halima. Watajua nilikuwa na matanga."

Nilimuuliza kama simu hiyo ina mahali pa kuandika matanga. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile aliniona sawasawa. "Hakuna," alinijibu. "Ni ndiyo ama hapana."

"Basi jibu ndiyo," nilimwambia. "Nenda. Mama yako angekufungia chakula cha kazini."

Alisita na kidole juu ya kioo, akamuuliza Halima kwa macho, na Halima akatikisa kichwa kuelekea mlangoni. Akabonyeza. Alivaa viatu vyake vya kazi palepale jikoni, akiwa amechuchumaa, akafunga kamba mara mbili. Alipotoka, wale wanawake walikuwa wameanza wimbo mwingine, na vikombe vilikuwa vimejaa mpaka ukingoni mwa sinki. Nilivua koti, nikakunja mikono ya shati, nikamuuliza Halima sabuni iko wapi.